SOMO LA BIOLOJIA: FISTULA, NA ULIZO LA SIKU SABA



Siku tulipofika kwenye somo la viungo vya uzazi katika kalasi ya tano, niliandika neno moja ubaoni: FISTULA. Kijana mumoja wa nyuma akaziba pua yake kwa vidole viwili. Kicheko kikaenea kalasi yote. Wasichana wawili wakainamisha vichwa. Sikumupa malipizi, wala sikumutoa inje, kwani mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka yake nilifanya vibaya kumupita. Nitaeleza habari ile mbele kidogo.

Kiisha somo, kijana mwingine akanifuata mulangoni. Akauliza: "Mwalimu, hii si iko mambo ya bamama? Sisi itatusaidia nini?" Ni ulizo la haki. Jibu langu ni somo hili. Lisomeni polepole, tena muwe na kalamu karibu, maana kuna hesabu ndani.

1. FISTULA NI NINI?

Fistula ni tundu lisilopashwa kuwapo, linalounganisha sehemu mbili za mwili. Hapa tunasema juu ya fistula ya uzazi. Tundu hilo liko kati ya njia ya uzazi na kibofu cha mukojo, au kati ya njia ya uzazi na utumbo wa mwisho.

Linapatikana namna gani? Kumbukeni somo la mifupa. Mutoto anapozaliwa, kichwa chake kinapita katikati ya mifupa ya nyonga. Kama njia ni nyembamba, au mutoto amelala vibaya, kichwa kinakwama. Uchungu unaendelea siku moja, siku mbili, hata tatu. Wakati huo wote kichwa kinabana kibofu juu ya mufupa. Fungeni kidole chenu kwa uzi kwa nguvu, muhesabu mpaka mia moja: kidole kinabadili rangi, kinakufa ganzi, maana damu haipiti. Ndivyo inavyokuwa ndani ya mama, lakini si kwa muda wa kuhesabu mia moja, ni kwa masaa mengi. Nyama isiyopata damu inakufa. Kiisha siku chache nyama ile iliyokufa inaanguka, na tundu linabaki.

Tangu siku ile mukojo unatoka bila kukoma, usiku na muchana. Mama hawezi kuuzuia, kwani hakuna tena kitu cha kuzuia. Na mara nyingi sana mutoto alikwisha kufa tumboni. Mama anapoteza mutoto na ukavu wa mwili wake katika juma moja.

Sikilizeni neno moja la kusahihisha. Wengine wanafikiri ugonjwa huu ni wa wasichana wadogo tu. Ni kweli kwamba musichana ambaye mifupa yake haijakomaa yuko katika hatari kubwa, na sheria ya inchi yetu ya mwaka 2009 inakataza kuoa mutu ambaye hajatimiza miaka 18. Lakini hata mama wa watoto sita anaweza kupata fistula, kama mutoto wa saba akikwama na musaada ukikawia.

2. SI LAANA, SI KUROGWA

Sasa habari yangu. Dada mudogo wa baba, shangazi yangu, alirudi kwetu nilipokuwa kalasi ya pili ya sekondari. Mume alikuwa amemurudisha na kitenge kimoja na sufuria. Walimupa kalale katika jiko la inje. Watu walisema: "Yee walimuloga." Wengine walisema alikuwa na deni ya baba mukwe. Shangazi alikuwa akiamuka kabla ya jogoo, anaenda mutoni kufua vitambaa vyake watu wasimwone. Hakukaa tena kwenye kiti cha mutu. Alikaa juu ya jani la mugomba.

Siku moja aliniletea bugali na sombe. Nikasema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. Niliogopa mikono yake. Aliangalia sahani, akairudisha jikoni, hakusema neno. Wanafunzi, niko na miaka mingi sasa, na sahani ile ningali ninaiona.

Nilikuwa na kosa gani? Kosa la kutojua. Fistula haiambukizi. Haiko katika chakula wala katika nguo. Haitoki kwa uzinzi wala kwa deni. Inatoka kwa kukawia.

3. VIKAWIO VITATU

Katika mwaka 1994 wachunguzi wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama anayekufa au kuumia katika kuzaa anapitia vikawio vitatu. Tangu hapo wanganga wa dunia yote wanavihesabu hivyo.

Kikawio cha kwanza ni nyumbani, katika kukata shauri. Mama analia, lakini ni nani atasema "twende"? Mume yuko kwenye machimbo, mama mukwe anasema "mimi nilizaa nyumbani", na wote wanahesabu franka.

Kikawio cha pili ni njiani. Ninyi munajua barabara zetu mwezi wa kumi na moja. Vijana wanne wanabeba mama katika tipoyi, mulima unapanda, muto umejaa, daraja ni miti miwili.

Kikawio cha tatu ni kule kule hospitali. Mama amefika, lakini munganga hayuko, au damu ya kuongeza haiko, au mafuta ya mashini ya umeme yamekwisha, au wanadai kwanza feza.

Tazameni: katika vikawio vitatu hakuna hata kimoja kinachoitwa ugonjwa. Ndiyo maana katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako sezariene (ni kusema kupasua tumbo kusudi mutoto atoke) inapatikana kwa wakati, fistula ya kuzaa imekuwa jambo la nadra sana. Mifupa ya wanawake wa kule si tofauti na ya mama zetu. Tofauti ni barabara, feza, na mashini ya umeme. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshugulika na uzazi linakadiri kwamba wanawake karibu 500.000 wanaishi na fistula leo, na karibu wote wako katika inchi za kimasikini.

4. WANAWAKE WATATU WA ALABAMA

Namna ya kushona fistula ilitoka wapi? Hapa historia ina jambo la kujivunia na jambo la haya, na mwalimu asifiche moja kusudi asifu lingine.

Kati ya mwaka 1845 na 1849, katika muji wa Montgomery, inchi ya Alabama huko Marekani, munganga J. Marion Sims alikusanya wanawake watumwa wenye fistula katika nyumba ndogo nyuma ya nyumba yake. Aliwapasua na kuwashona tena na tena. Majina ya watatu tu yameandikwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha peke yake alipasuliwa karibu mara 30. Hawakupewa dawa ya usingizi. Eteri ilionyeshwa mbele ya watu katika Boston mwaka 1846, lakini hata kiisha mwaka ule Sims hakuitumia kwao.

Mwishoni Sims alifaulu kwa kushona na uzi wa feza, akatangaza kazi yake mwaka 1852. Kiisha akaenda New York, na mwaka 1855 hospitali ya wanawake ikafunguliwa kule. Alipata sifa kubwa na sanamu.

Ulizo: wale wanawake walikubali? Sims aliandika kwamba walitamani kupona. Inawezekana kabisa, ni nani asiyetamani kuwa mukavu? Lakini kwa sheria ya wakati ule mutumwa alikuwa mali ya bwana wake. Aliyeombwa ruhusa ni bwana. Mutu asiyeweza kusema "hapana" hawezi kusema "ndiyo" ya kweli. Katika mwezi wa nne wa mwaka 2018 muji wa New York uliondoa sanamu ya Sims katika bustani ya Central Park. Na katika Montgomery, mwaka 2021, waliinua sanamu za Anarcha, Betsey na Lucy. Kazi hii mama zetu wanayofanyiwa leo ilijifunzwa juu ya miili yao. Mukisikia tundu limeshonwa, kumbukeni majina matatu.

5. ADDIS ABABA NA BUKAVU

Katika mwaka 1959 wanganga wawili, mume na muke, Reginald na Catherine Hamlin, walikuja Etiopia toka Australia. Waliona wanawake wanatembea kwa miguu siku nyingi, wakiloana, wakiuliza kama kuna dawa. Katika mwaka 1974 walijenga Addis Ababa hospitali kwa ajili ya fistula tu. Mama Catherine Hamlin alikufa mwaka 2020 akiwa na miaka 96.

Lakini mimi ninataka mukumbuke sana Mamitu Gashe. Yeye alikuwa musichana wa kijiji, hakuona mulango wa masomo. Alifikishwa kwao mwaka 1962 akiwa ameumia vibaya katika kuzaa. Alipopata nafuu akabaki, akaanza kutandika vitanda. Kiisha akashika vyombo vya kupasulia, akitazama. Kiisha akafundishwa kushona mwenyewe, na wanganga wenye diploma walikuja kujifunza kwake. Ninyi muliopata kiti na ubao, muna udhuru gani?

Kwetu Kongo, hospitali ya Panzi katika Bukavu ilianzishwa mwaka 1999 na Munganga Denis Mukwege, pamoja na kanisa la kipentekoste. Alipewa Zawadi ya Nobel ya Amani mwaka 2018, yeye pamoja na Nadia Murad, kwa kutetea wanawake waliotendewa jeuri katika vita. Wengi wetu tunafikiri basi kila fistula ya Panzi imetoka kwa vita. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008 ulihesabu wanawake 604 waliotibiwa fistula pale. Wale waliosema ugonjwa wao ulitoka kwa jeuri ya watu wabaya walikuwa 24. Hata mumoja ni wengi mno, na hakuna mutu wa kupunguza uovu ule. Lakini hesabu inatufundisha: waliobaki, karibu wote, waliumia katika kuzaa. Vita vinaandikwa katika magazeti. Mama aliyekawia mulimani siku mbili, hakuna anayemuandika.

6. ULIZO LA SIKU SABA

Sasa tunafika kwenye moyo wa somo. Tuseme tundu limekwisha kushonwa. Nini tena?

Kibofu kilichoshonwa ni kama mufuko wenye kiraka kipya. Ukiujaza maji mara moja, uzi unakatika. Basi munganga anaingiza mupira mwembamba ndani ya kibofu, infirmiye wanauita sonda. Mukojo unapita humo na kuanguka katika chombo, kibofu kinabaki kitupu, na kidonda kinapona.

Sonda ikae siku ngapi? Kwa miaka mingi kila munganga alifuata desturi ya yule aliyemufundisha. Wengi waliacha siku 14. Wengine zaidi, wengine chini. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika. Kuitoa mbio ni kuhatarisha kiraka. Kuiacha sana nako kuna hasara: vijidudu vinapanda kwa njia ya mupira, mama anasumbuka, infirmiye anachunga, na kitanda kimeshikwa.

Basi wachunguzi walifanya kazi katika hospitali 8 za inchi 8 za Afrika: Kongo yetu, Etiopia, Ginea, Kenya, Niger, Nijeria, Sierra Leone na Uganda. Walianza mwaka 2012 na kumaliza mwaka 2013, na habari ikatangazwa mwaka 2015 katika gazeti la wanganga linaloitwa The Lancet. Walipokea wanawake 524 wenye fistula nyepesi waliokwisha kushonwa, na kila mumoja alikuwa ameelezwa na kukubali. Wakawagawanya mafungu mawili: fungu moja sonda siku 7, fungu lingine siku 14.

Shikeni neno hili: waliwagawanya kwa kura. Juu ya nini kura? Tuseme munganga anachagua mwenyewe. Kwa huruma yake atawapa siku 14 wale walio dhaifu, na siku 7 wale wenye nguvu. Kiisha ataona kwamba wa siku 7 wamepona vizuri zaidi. Je, ni kwa sababu ya siku 7? Hapana, ni kwa sababu walikuwa na nguvu tangu mwanzo! Kura haina huruma wala upendeleo. Inachanganya wadhaifu na wenye nguvu katika mafungu yote mawili, na hivi tofauti inayobaki mwishoni tunaweza kuitia mukononi mwa sonda.

Neno la pili: walipanga kipimo mbele ya kuanza. Hawakuuliza kama siku 7 ni bora. Waliuliza kama siku 7 si mbaya kupita siku 14. Wakasema: kama hasara ya siku 7 haiwezi kufikia watu 10 zaidi katika kila 100, tutakubali. Aliyepanga kipimo kabla hawezi kukivuta kiisha, kama vile refa hasogezi goli mupira ukiwa hewani.

Walifuata wanawake mpaka miezi mitatu kiisha operasio. Matokeo ni haya:

Fungu la siku 7: katika wanawake 250, kiraka kilifunguka kwa 10.
Fungu la siku 14: katika wanawake 251, kiraka kilifunguka kwa 8.

Fanyeni hesabu. 10 katika 250 ni 4 kwa mia. 8 katika 251 ni karibu 3,2 kwa mia. Tofauti haifiki hata mutu mumoja katika mia. Lakini bahati yaweza kuongeza au kupunguza tofauti, kama vile ukirusha franka mara kumi hupati vichwa vitano kila mara. Wachunguzi walipiga hesabu ya bahati vilevile: hata ikiwa mbaya kabisa, tofauti ingekuwa karibu 4,5 kwa mia, mbali na 10. Basi, siku 7 zinatosha. Katika mwaka 2018 Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, likaandika kwamba kwa fistula nyepesi sonda ikae siku 7 mpaka 10.

Mutu atasema: "Siku saba tu! Ni nini hiyo?" Chukueni kalamu. Hospitali moja ina vitanda 10 kwa fistula. Muda wa siku 84, kama kila mama anashika kitanda siku 14, kila kitanda kinapokea wanawake 6, na wote ni 60. Kama ni siku 7, kila kitanda kinapokea 12, na wote ni 120. Hakuna tofali jipya lililojengwa, hakuna kitanda kilichonunuliwa, na wanawake 60 zaidi wanapata nafasi. Kwa kweli hesabu haitakuwa safi namna hii, maana wanaoshona nao ni wachache, tena si fistula zote ni nyepesi. Lakini munaona njia.

Tena tukae waangalifu. Uchunguzi huu haukusema juu ya fistula kubwa na ngumu. Yule anayechukua jibu la jambo moja na kulipaka juu ya jambo lingine hajui bado kusoma.

Hapa ninamalizia habari ya shangazi. Hospitali moja ya kwanza ilimwambia "rudi nyumbani, haina dawa." Baba alimwamini munganga, na miaka ikapita. Kiisha muuza chumvi mumoja akatuambia kuna mahali wanashona. Tulipofika, walimupokea kwa upole, wakaandika jina lake, lakini vitanda vilikuwa vimejaa. Alingoja miezi mitatu katika baraza ya watu, akilala sakafuni pamoja na wengine wenye ugonjwa wake. Baadaye alituambia kwamba ile miezi ilikuwa mizuri, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kukaa kati ya watu wasioziba pua. Mwenzake mumoja aliyengoja pamoja naye alikufa kwa malaria kabla ya zamu yake. Ndiyo maana mimi, nikisoma "siku 7 badala ya siku 14", sioni tarakimu. Ninaona jina moja lililokuwa katika orodha.

Shangazi alishonwa, akarudi mukavu. Siku ya pili alipika bugali na sombe. Akaniletea sahani kwa mikono yake miwili, akasimama akiniangalia. Nilikula yote, na nilipomaliza nikaomba tena.

7. KUZUIA NI BORA

Kushona ni vizuri. Kutokupasuka ni bora. Ninyi munaosema grafu hazina kazi, sikilizeni.

Katika mwaka 1972, katika inchi inayoitwa leo Zimbabwe, munganga Philpott na mwenzake Castle walitaka kuwasaidia wazalishaji wanaofanya kazi mbali na munganga. Walichora karatasi: chini masaa, pembeni sentimeta za kufunguka kwa mulango wa tumbo la uzazi, mpaka 10. Muzalishaji anaweka alama kila mara anapopima. Wakachora mustari wa kwanza wa kuonya, na kiisha masaa 4 mustari wa pili wa kutenda. Alama ikivuka wa kwanza, tuma mama kwenye hospitali kubwa sasa, kungali mapema. Karatasi hiyo inaitwa partogramu. OMS iliijaribu kwa wanawake 35.484 katika Indonesia, Malaysia na Thailand, ikatangaza mwaka 1994: uchungu unaopita masaa 18 ulishuka toka 6,4 mpaka 3,4 kwa mia.

Kiisha, kwa kupima tena, iligunduliwa kwamba si kila mwanamuke muzima anafungua sentimeta moja kila saa, na wengine walikuwa wakiharakishwa bure. Basi mwaka 2020 OMS ilitoa karatasi mupya iliyorekebishwa. Munaona namna elimu inavyoenda: haioni haya kusema "jana tulikosea kidogo".

Na yule ambaye uchungu wake umekawia sana, hata kama tundu halijaonekana, anaweza kuwekewa sonda mapema kusudi kibofu kipumzike. Tundu dogo na jipya pengine linajifunga lenyewe. Na mama aliyeshonwa, akipata mimba tena, sharti azalie hospitali, kwa sezariene.

8. MAMBO YA KUSHIKA

Kwa wavulana, jibu la lile ulizo la mulangoni: kikawio cha kwanza ni nyumbani, na kesho ninyi ndio mutakaosema "twende" au "tungoje". Kikawio cha pili ni njiani, na mabega ya kubeba tipoyi ni yenu.

Kwa wasichana: musiinamishe vichwa. Viungo vyenu ni somo kama moyo na mapafu. Mumoja kati yenu ashike kisu cha munganga.

Kwa walimu: musichana anayeacha masomo kwa mimba asifutwe katika mawazo yetu siku tunapofuta jina lake katika kitabu. Tuulize anazalia wapi.

Kwa wote: kama munajua mama anayejificha nyuma ya nyumba, mumwambie maneno haya mawili tu: inatibika, tena hauko peke yako. Panzi kule Bukavu na HEAL Africa kule Goma ni mahali panapojulikana kwa kazi ya kushona fistula. Muzalishaji wa kituo cha karibu anaweza kuuliza kwa ajili yake.

Tarehe 23 ya mwezi wa tano ni siku ya Umoja wa Mataifa kwa kukomesha fistula, tangu mwaka 2013. Ninaomba siku ile tusome somo hili tena, kalasi zote pamoja.

MAULIZO

1. Eleza kwa maneno yako namna kichwa cha mutoto kinavyoleta tundu. Chora.
2. Hospitali ina vitanda 8. Kwa siku 56, wanawake wangapi watapokelewa kama kila mumoja anakaa siku 14? Na kama siku 7?
3. Juu ya nini wachunguzi walipiga kura? Toa mufano mwingine, wa shamba au wa kuku, ambapo kuchagua mwenyewe kungekudanganya.
4. Anarcha na wanawake 524: tofauti kubwa kati yao ni nini?
5. Katika kijiji chenu, ni kikawio gani kati ya vitatu ndicho kikubwa? Muulize mama mumoja mwenye watoto, umusikilize mpaka mwisho, kiisha uandike.

Majibu ya ulizo la tano nitayasoma mwenyewe yote. Yule kijana aliyeziba pua amekwisha kuleta lake. Alimuuliza nyanya yake, na karatasi yake ina kurasa nne.